Mama Aliyepimwa kwa Mwanasesere

Novemba 2024, kaskazini mwa Denmaki, mwanamke mzaliwa wa Greenland alijifungua mtoto wa kike. Baada ya muda wa saa mbili hivi, mtoto aliondolewa mikononi mwake na kupelekwa kwenye familia ya malezi ya kambo. Ndani ya jalada la mama yule, ambaye watoto wake wawili wa kwanza walishachukuliwa miaka kumi nyuma, mlikuwa na matokeo ya vipimo vya kisaikolojia vilivyosema kwamba uwezo wake wa kulea hautoshi.

Katika mambo aliyowasimulia waandishi wa habari, kuna moja ambalo kila mtu wa ustawi wa jamii anapaswa kulitazama kwa karibu. Alipokuwa akipimwa alipewa mwanasesere acheze naye, na kisha akalaumiwa kwamba hakumtazama machoni vya kutosha. Wazazi wengine wa Kigreenland walieleza kuwa waliulizwa Mama Teresa ni nani, na mwanga wa jua huchukua muda gani kufika duniani.

Mwanasesere halii. Hanyonyi, haharishi, hashikwi na homa usiku wa manane mama akaamka kumkanda kwa kitambaa cha maji. Ukimpa mtu mzima mwanasesere mbele ya mtu mwenye uwezo wa kumnyang'anya mtoto wake wa kweli, utakachokiona ni woga, aibu, na pengine hasira iliyomezwa. Kuyaona hayo kisha kuandika kwamba mama hana upendo ni kosa zito. Lilifanywa na watu wenye shahada, kwa utaratibu uliokubalika, na kwa nia ya kulinda watoto.

Nakisimulia kisa hiki kwa maofisa ustawi wa jamii wa kwetu, na kwa wanafunzi walio njiani kuwa maofisa, kwa sababu nadharia zilizosimama nyuma ya vipimo vya aina ile tunazo na sisi. Ziko kwenye madaftari ya wanafunzi wa Dar es Salaam, wa Nairobi na wa Kampala: Freud na utoto wake, Erikson na hatua zake nane, Maslow na mahitaji yake yaliyopangwa kutoka chini kwenda juu, na zaidi ya wote, linapokuja suala la watoto, John Bowlby na nadharia ya mshikamano wa mtoto na mlezi. Mwanafunzi anatoka chuoni anazijua kwa majina na kwa mpangilio. Jambo ambalo mara nyingi hajafundishwa ni mahali ambapo kila nadharia inaishia.

Tuwatendee haki waliotunga kipimo kile. Kwa Kidenmaki jina lake hufupishwa FKU, na ni mkusanyiko wa mahojiano, vipimo vya akili na haiba, na muda wa kumtazama mzazi akiwa na mtoto. Wanaokitetea husema kinaleta usawa: ofisa peke yake anaweza kuongozwa na chuki, na huruma, na harufu ya nyumba aliyoingia, au na jinsi mama alivyomjibu siku ile. Hoja hiyo ina uzito. Nani kati yetu hajawahi kuona ripoti iliyoandikwa na ofisa aliyeudhiwa? Kipimo kimoja kwa wote kinaonekana kuwa dawa ya maradhi hayo.

Ila kipimo kinatungwa na watu, nao wanatunga kwa kuangalia watu wa kwao. Taasisi ya Haki za Binadamu ya Denmaki ilionya mwaka 2022 kwamba vipimo hivyo havikuwa vimerekebishwa kufuata lugha na utamaduni wa Wagreenland, na kwamba mzazi kutoka huko angeweza kupata alama za chini bila ya kuwa mzazi mbaya. Takwimu zilizotolewa mwaka huohuo zilionyesha kuwa asilimia 5.6 ya watoto wenye asili ya Greenland wanaoishi Denmaki walikuwa wameondolewa kwao, ilhali kwa watoto wa Kidenmaki ni asilimia 1. Sidai kwamba tofauti yote hiyo ililetwa na vipimo. Umaskini na ulevi ni mambo ya kweli, na historia ya ukoloni imeacha majeraha ndani ya familia nyingi. Lakini fikiria jambo dogo tu. Mgreenland anaweza kukujibu ndiyo kwa kuinua nyusi, na hapana kwa kukunja pua, bila kutoa sauti. Mtaalamu asiyejua hilo amekaa na kalamu yake anasubiri jibu ambalo ameshapewa. Ataandika nini?

Historia yenyewe inaumiza zaidi. Mwaka 1951, Greenland ikiwa bado koloni, meli iliondoka Nuuk na watoto 22. Walipelekwa Denmaki wakalelewe na familia za huko, wajifunze Kidenmaki, warudi kuwa mfano wa Mgreenland mpya. Mwaka uliofuata 16 walirudishwa, lakini hawakurudishwa kwao. Waliwekwa katika nyumba ya watoto mjini Nuuk, wakati wazazi na ndugu walikuwapo. Sita walibaki Denmaki wakaasiliwa. Waliorudi walikuwa wameisahau lugha ya nyumbani, hata mtoto akisimama mbele ya mamake hawaelewani. Waziri Mkuu Mette Frederiksen aliomba radhi kwa niaba ya Denmaki Desemba 2020, na mwaka 2022 sita waliokuwa bado hai walilipwa fidia.

Mwaka 1951 huohuo Shirika la Afya Duniani lilichapisha ripoti ya Bowlby kuhusu malezi ya mama na afya ya akili. Bowlby alikuwa ameombwa kuchunguza hali ya watoto waliobaki bila makazi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na aliyoyasema yalitikisa hospitali na nyumba za watoto za Ulaya: mtoto mdogo anahitaji uhusiano wenye joto na wa kudumu na mama au mtu anayeshika nafasi ya mama, na kuukata uhusiano huo kunaweza kumwachia mtoto madhara ya muda mrefu. Maarifa ya kuwazuia Wadenmaki wasiwatenge watoto wale yalikuwa mezani mwaka uleule walipowatenga. Zaidi ya miaka 70 baadaye, mawazo yaliyotoka katika chemchemi ileile, kuhusu jicho kwa jicho na ukaribu wa mama na mtoto, yalitumika kuhalalisha mtoto wa saa mbili kuondolewa kifuani mwa mamake.

Nadharia ya Bowlby imefanya mema mengi. Zamani hospitali za Uingereza ziliwazuia wazazi kuwatembelea watoto waliolazwa, au ziliwapa saa chache tu kwa wiki, kwa madai kwamba mtoto akimwona mama atalia na kuvuruga wodi. James Robertson, aliyefanya kazi na Bowlby, alipiga filamu ya mtoto wa miaka miwili aliyelazwa peke yake, ikaonyeshwa mwaka 1952. Watu waliona kwa macho yao jinsi binti yule alivyojikaza na kunyong'onyea siku hadi siku. Mwaka 1959 ripoti ya serikali ikapendekeza wazazi waruhusiwe kuwa karibu na watoto wao wodini. Kwetu pia, kila anayetetea mtoto alelewe na ndugu badala ya kupelekwa kituoni anasimama juu ya kazi ya Bowlby, hata kama hamjui kwa jina.

Sasa wanafunzi wetu wengi hawaambiwi kwamba sehemu ya ushahidi wa nadharia hii ilikusanywa Afrika Mashariki. Mary Ainsworth, aliyekuwa amefanya kazi na Bowlby London, alifuatana na mumewe kuja Kampala, akakaa huko mwaka 1954 na 1955 chini ya taasisi ya utafiti wa jamii iliyokuwa Makerere. Alichagua familia 26 katika vijiji vya Buganda. Alikwenda majumbani, akiwa na mkalimani, kila baada ya wiki mbili hivi, akakaa kwa saa mbili kila safari, na baadhi ya familia alizifuata kwa muda wa miezi tisa. Alikaa sebuleni mahali mama wa Kiganda anapopokea wageni. Aliona nani anabeba mtoto, nani anamnyonyesha, mtoto anatambaa mpaka wapi kabla ya kugeuka kumtafuta mama kwa macho, analia nani akiondoka, anatulia kwa nani. Kitabu chake kuhusu watoto wa Uganda kilitoka mwaka 1967.

Mtu anayetumia jina la Ainsworth kwenye ripoti anapaswa kujua kwamba hivi ndivyo alivyopata alichokipata: kwa kukaa. Baadaye, akiwa Baltimore, Marekani, alitunga jaribio fupi la chumbani la dakika 20 hivi. Mtoto wa mwaka mmoja anaingia na mama, mtu asiyemjua anaingia, mama anatoka, anarudi, anatoka tena, anarudi tena. Kinachotazamwa zaidi ni jinsi mtoto anavyompokea mama anaporudi. Wengine hulia kisha hutulia kifuani mwake. Wengine humpita kana kwamba hawakumwona. Wengine hung'ang'ania huku wakimpiga mateke. Kutokana na hapo yalizaliwa makundi, na wafuasi wake wakaongeza kundi la nne, la watoto ambao mwenendo wao hauna mpango unaoeleweka. Jaribio lile liliwekwa kwa ajili ya utafiti, na ndani ya timu ya Ainsworth lilisomwa pamoja na saa nyingi za kukaa majumbani. Likishatoka chumbani mwa watafiti, saa za majumbani zikaachwa nyuma. Yakabaki majina ya makundi, nayo majina yana miguu: yaliingia katika semina, kutoka semina yakaingia katika fomu, na kutoka fomu yakaingia mahakamani.

Wenye nadharia wenyewe walishtuka. Mwaka 2017 kundi kubwa la watafiti wa mshikamano, wakiwamo waliolianzisha kundi lile la nne, waliandika kwamba kipimo hicho hakifai kumhukumu mtoto mmoja mmoja, na kwamba mtoto kuangukia katika kundi hilo si ushahidi kuwa ananyanyaswa. Kinachosema kweli kuhusu wastani wa watoto mia hakitoshi kusema kweli kuhusu mtoto huyu aliyekaa mbele yako. Mwaka 2021 wataalamu 70 walitoa tamko jingine, safari hii kwa ajili ya mahakama za familia, wakikosoa wazo kwamba mtoto ana mshikamano na mtu mmoja tu, na wakionya dhidi ya kuupima uhusiano wa mtoto na mzazi kwa tabia moja iliyoonekana mara moja.

Hilo la mtu mmoja lingewashangaza sana Waefe wa msitu wa Ituri, mashariki mwa Kongo. Watafiti waliokaa nao waliandika mwaka 1987 kwamba mtoto mchanga wa Kiefe, akiwa na wiki tatu, hutumia asilimia 39 ya muda wa kubebwa akiwa na watu wasio mamake, na akifika wiki 18 kiasi hicho kinapanda hadi asilimia 60. Wanawake wengine humnyonyesha. Kule Kamerun, miongoni mwa Wanso wanaolima milimani, mtoto anayetulia akibebwa na mgeni ndiye anayesifiwa, na mama humzoesha kutulia. Mtoto wa mwaka mmoja anaweza kupokewa na mtu asiyemjua bila hata kubadilisha uso. Mweke mtoto huyo katika chumba cha Baltimore umpe alama. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hapa mtu amelala kitanda cha kwake akahesabu kunguni wa jirani.

Rudi Denmaki. Baada ya maandamano na kelele nyingi, serikali ilitangaza mwanzoni mwa 2025 kuwa vipimo hivyo havitatumika tena kwa familia za Kigreenland, na sheria ikaanza kazi tarehe 1 Mei. Agosti mwaka huohuo, karibu na Copenhagen, mama mwingine kijana mwenye miaka 18 alijifungua, na mtoto akachukuliwa muda mfupi baada ya kuzaliwa. Alizaliwa Greenland kwa wazazi wa Kigreenland, lakini alikuwa ameasiliwa. Kwa mtazamo wa maofisa wa halmashauri, ulinzi wa sheria mpya haukumhusu. Bodi ya rufaa ikautengua uamuzi na mtoto akarudishwa kwa mama mwezi uliofuata. Sheria ilikuwa imekataza chombo. Mazoea ya kumjua mtu kupitia jalada kabla ya kumjua kupitia nyumba yake yalikuwa bado kazini.

Hapa ningeweza kusimama na kusema: basi, tuachane na nadharia za Wazungu, tumsikilize bibi, tuheshimu mila. Nimesikia wengi wakisema hivyo kwa nia njema. Lakini kuna kaburi la mtoto linalotukataza.

Victoria Climbié alizaliwa Ivory Coast. Mwaka 1999, akiwa na miaka saba, alifika London akipitia Ufaransa, akiwa na shangazi wa babake aliyewaahidi wazazi kwamba atamsomesha. Tarehe 25 Februari 2000 alifariki. Daktari aliyechunguza mwili wake alihesabu majeraha 128. Alikuwa amelazwa kwenye sinki la kuogea katika baridi, amefungwa ndani ya mfuko wa takataka. Hospitali zilimwona, polisi walijua, ofisi za ustawi wa jamii zaidi ya moja zilikuwa na jina lake. Tume ya Lord Laming iliyotoa ripoti Januari 2003 iliweka wazi namna kila mlango ulivyomkosa.

Ofisa aliyekuwa na dhamana naye alimwona mara nne tu, na ukijumlisha muda wote haukuzidi nusu saa. Alisikia kwamba mtoto, mbele ya mlezi wake, husimama wima kama askari kwenye gwaride. Ofisa alielewa kuwa hiyo ni heshima na utii, kama inavyokuwa katika familia zenye asili ya Afrika na Karibiani. Hakufikiri kuwa ni hofu. Victoria alizungumza Kifaransa, na katika nusu saa ile hakuna aliyekaa naye kwa utulivu peke yake, kwa lugha yake, akamwuliza unalala wapi, unakula nini, hiki kidonda umekipataje.

Kwa hiyo huko Denmaki mama alihukumiwa kwa sababu utamaduni wake haukuonekana, na London mlezi katili aliachiwa mtoto kwa sababu mtu alidhani anauona utamaduni. Nayaweka makosa haya mawili pamoja kwa kusudi. Yule mwenye fomu na yule mwenye "ndivyo walivyo watu wa kwao" wote walikuwa na nadharia, mmoja ameichapa na kuipigia mhuri, mwingine ameibeba kichwani bila kujua kwamba ni nadharia. Wote wawili walipata jibu kabla ya kutazama, na jibu likawaondolea haja ya kutazama.

Sasa tuje nyumbani. Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inairuhusu mahakama kuomba ripoti ya ofisa ustawi wa jamii kabla ya kuamua mtoto akae na nani. Hakimu hatakwenda kukaa kwenye ile nyumba. Atasoma kurasa chache za ofisa, na sentensi moja ndani yake inaweza kuamua mtoto alale wapi kwa miaka kumi ijayo.

Chukua mfano wa kubuni. Baba na mama wametengana, na baba anamtaka mtoto wa miaka mitatu. Mama ni mama lishe mjini. Mtoto amekaa wiki kadhaa kijijini kwa bibi, mamake mama. Ofisa anafika siku ambayo mama naye amewasili asubuhi. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, karibu, vuta kigoda." Mama anamwita mtoto. Mtoto haendi. Anamtazama kidogo, anageuza uso, anajificha nyuma ya kanga ya bibi. Mama anaita tena, sauti imeshalegea. Ofisa ameona. Kichwani mwake ukurasa wa daftari la chuo umejifungua wenyewe, na kalamu inaandika: mtoto hana mshikamano na mama mzazi.

Bibi anacheka. "Huyo kamsusia mamake. Kaondoka bila kumuaga. Subiri kidogo utaona."

Kama ofisa atasubiri, pengine ataona mtoto anasogea hatua kwa hatua, anajifanya anafuata kuku, anafika karibu na goti la mama, na baada ya muda yumo mapajani anachezea hereni yake. Mtoto anayemsusia mtu anaonyesha kwamba mtu huyo ni wake. Asingesumbuka kumsusia mpita njia. Lakini kama bodaboda ya kukodi inamsubiri barabarani, na kuna nyumba tatu nyingine kabla ya jua kuzama, na kata nzima inamtegemea yeye peke yake, ofisa ataondoka na sentensi yake. Sentensi itachapwa. Wakili wa baba ataisoma kwa sauti.

Wala bibi naye asiaminiwe bila kuchunguzwa. Inawezekana anamfunika binti yake. Inawezekana mtoto alijificha kwa sababu mama humpiga. Ndiyo maana ofisa anayejua nadharia yake vizuri hataandika aliyoyasema bibi kama jibu, wala aliyoyasoma chuoni kama jibu. Ataandika alichokiona kwanza, kwa maneno ambayo hata mama asiye na elimu angeyakubali: mtoto hakwenda alipoitwa mara mbili, alishika kanga ya bibi, baada ya muda fulani alikwenda mwenyewe. Kisha chini yake, mahali tofauti, aandike maana zinazowezekana, zaidi ya moja, na kila moja aseme ni kitu gani kitamwonyesha kuwa amekosea. Kama ni kususa, ziara ya pili ya siku nne baadaye itaonyesha mtoto mwingine kabisa. Kama ni woga, hautaisha kwa siku nne. Utaonekana wakati wa chakula, utaonekana mama anaponyanyua mkono kuchukua kikombe.

Hapo ndipo Bowlby na Ainsworth wana faida. Wanamfundisha ofisa atazame kurudi kwa mama kuliko kuondoka kwake, aulize mtoto akiamka usiku anamwita nani, akiumia anamkimbilia nani, na kama yuko zaidi ya mmoja anayekimbiliwa. Erikson atamkumbusha kuwa mtoto wa miaka mitatu anayekataa kuitwa huenda anajaribu tu uwezo wake wa kukataa. Maslow atamwuliza, kabla ya yote, kama mtoto amekula. Nadharia tatu zinazovutana juu ya mtoto mmoja ni bora kuliko moja inayokaa peke yake kwenye kiti, kwa kuwa zinapovutana ofisa analazimika kurudi kutazama tena.

Na kuna mambo ambayo hayangoji nadharia. Kidonda kinachofanana na ncha ya sigara, alama za mkanda, kadi ya kliniki yenye mstari wa uzito unaoshuka mwezi baada ya mwezi, mtoto anayeiba ugali wa jirani: haya yanaandikwa siku hiyohiyo na kupelekwa yanakohusika. Victoria hakuhitaji mtu wa kumchambua. Alihitaji mtu wa kumvua sweta.

Najua jibu la maofisa wengi: muda uko wapi? Halmashauri haina gari, mafuta yamekwisha, mafaili yamejaa. Ni kweli, na wanaopanga bajeti wanapaswa kulisikia hili kuliko mtu mwingine yeyote, maana serikali inayomlipia ofisa ziara moja inanunua ripoti ya ziara moja. Lakini hata mwenye ziara moja anaweza kuandika kwa uaminifu kwamba alikwenda mara moja, saa fulani, akakaa dakika kadhaa, na kwamba mambo fulani hakuweza kuyathibitisha. Hakimu anayesoma hivyo anaweza kuagiza ziara ya pili. Hakimu aliyeandikiwa "mtoto hana mshikamano na mama mzazi" hana sababu ya kuagiza chochote.

Jambo la mwisho ninaloliomba liingie katika utaratibu ni dogo na halihitaji gari. Kabla ripoti haijakwenda mahakamani, mama na baba wasomewe, kila mmoja peke yake, kwa lugha anayoielewa, na neno la kitaalamu lolote lisilofasirika kwa Kiswahili cha kawaida lifutwe hapohapo. Wanachokipinga kiandikwe kama walivyokisema na kiambatanishwe. Bibi pia aulizwe, na kama alisema mtoto amesusa, hakimu akute maneno hayo kwenye karatasi.